Visa ya mwenza inapochelewa: wewe uko Marekani, mwenzio yuko Tanga

Risiti ya I-130, fomu ya kumwombea mwenzio uhamiaji wa Marekani, ikifika tu, Ngamiani nzima pale Tanga imeshajua. Mama mkwe amesimulia barazani, mawifi wameanza kuulizana nani atachukua friji, na mwenye duka la jirani kila asubuhi anauliza, "Safari lini?" Wakati huo risiti ina maana moja tu: idara ya uhamiaji ya Marekani, USCIS, imepokea fomu na pesa zako. Hakuna aliyeifungua bado.

Kwa hiyo neno langu la kwanza kwa mliooa au kuolewa nyumbani ni hili. Mwambie mwenzio asiache kazi, asivunje genge lake, asirudishe chumba alichopanga Makorora, asiuze hata kabati. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani yenyewe huwaonya waombaji wasiuze mali, wasiache kazi na wasijifunge na tiketi kabla visa haijatoka. Nimeona ndoa zikiyumba katika kusubiri huku, na mara nyingi chanzo ni kilekile: mmoja aliambiwa "miezi michache tu", akafunga biashara, akahamia kwa wakwe, akawa mtu wa kuomba hata pesa ya bando. Mwaka ukipita katika hali hiyo, simu zote zinageuka kesi.

Jueni faili liko wapi

Faili hupita mikono mitatu. Kwanza USCIS, wanaoangalia kama ndoa ni ya kweli na kama wewe una haki ya kumwombea mwenzio. Wakikubali, linakwenda NVC, kituo cha taifa cha visa kilichoko New Hampshire. Huko mnalipa dola 325 za maombi ya visa na dola 120 za kukaguliwa fomu ya udhamini, mnajaza DS-260, fomu ya maombi ya visa, mnapakia vyeti. NVC wakiridhika kwamba karatasi zimekamilika, mnaingia kwenye foleni ya tatu, ya kupangiwa intavyuu ubalozini. Barua ya intavyuu ndiyo itakayowaambia ni ubalozi gani na lini.

Mueleze mwenzio hatua hizi kwa utulivu, na mpe namba ya kesi naye aifuatilie mwenyewe mtandaoni. Mtu aliyeko Tanga ambaye hajui faili liko mkono upi hana cha kuwajibu watu, na asiye na cha kujibu huishia kudhani kwamba huku Marekani kuna anayelichelewesha kwa makusudi.

Likifika NVC, msinyamaze. Mwaka mzima ukipita bila ninyi kuwasiliana nao, kesi inaweza kufungwa. Wapo waliokata tamaa, wakaacha kuingia kwenye akaunti, na pesa zikapotea. Ingieni japo mara moja kwa miezi michache. Kule kuingia kwenyewe kunahesabika.

Kama una green card tu, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, bila uraia, mwenzio yuko kwenye kundi la F2A, lenye foleni ya idadi kwa mwaka. Ukiapishwa kuwa raia, anatoka kwenye foleni hiyo. Wapelekee NVC nakala ya cheti cha uraia. Hapa pana mtego ambao wengi hawauoni. Watoto waliokuwa wakisafiri chini ya faili la mama yao kwenye F2A hawahami naye ukishakuwa raia. Kila mtoto atahitaji I-130 yake. Kama una watoto Tanga na unakaribia kuapa, andaa fomu zao mapema.

Karatasi za nyumbani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sehemu kubwa ya ucheleweshaji unaoweza kuuzuia iko Tanga, haiko Washington.

Chukua mfano wa kawaida wa pwani. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mwanaidi Bakari. Kitambulisho cha NIDA kinasema Mwanaid Bakari Shehe, maana siku ya kuandikisha yalitakiwa majina matatu. Pasipoti ikafuata NIDA. Cheti cha ndoa kikaandikwa kwa mkono, Mwana Idi bint Bakari. Mtaani huyo ni mtu mmoja, hata bibi yake wanamjua. Kwa afisa anayesoma karatasi mezani ni watu watatu, mpaka athibitishiwe vingine. Shikeni tahajia ya pasipoti iwe ndiyo msingi. Tofauti ndogo hufafanuliwa kwa hati ya kiapo ya wakili. Tofauti kubwa, kama jina la baba limekosewa au tarehe haziendani, zirekebishwe kwenye cheti chenyewe kupitia RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na ndoa. Kazi za RITA za wilaya hufanyika kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya, kwa hiyo mahali pa kuanzia ni palepale Tanga. Fanyeni wakati faili bado liko USCIS. NVC wakishaanza kudai vyeti, kila wiki ya kuzunguka ofisini inaongezwa juu ya kusubiri kwenu.

Cheti cha ndoa nacho. Karatasi ya msikitini yenye mhuri wa sheikh isikuridhishe. Ulizia kama ndoa imesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya 1971 na kama kumbukumbu zake zimefika RITA.

Halafu kuna ndoa za simu. Bwana harusi yuko Minneapolis, wakili wake amekaa kitako mbele ya walii Tanga, watu wamekula pilau, ndoa imefungwa. Kidini ni halali na hakuna anayebisha. Sheria ya uhamiaji ya Marekani haiitambui ndoa ambayo wawili hawakuwa pamoja wakati wa kufungwa, isipokuwa wawe wamekutana kama mume na mke baada ya hapo. Kukutana kwa kabla ya ndoa hakuhesabiki. Ukiwa umeoa namna hiyo, safiri kwanza, kaa na mkeo, tunza tiketi, mihuri ya pasipoti na picha, ndipo ujaze fomu. Ukijaza kabla, umeomba kukataliwa.

Na talaka. Kama mmoja wenu alishawahi kuoa au kuolewa, talaka ya karatasi iliyoandikwa nyumbani haitoshi. Tanzania Bara ndoa huvunjwa kwa amri ya mahakama, baada ya shauri kupita baraza la usuluhishi. Itafuteni hukumu hiyo hata kama talaka ni ya zamani na kila mtu ameshasahau. Mke wa pili wakati wa kwanza bado yumo ndani, huyo visa ya mwenza haimhusu, hata cheti chake kiwe safi namna gani.

Karatasi zinazokwisha muda

Cheti cha polisi kwa NVC hudumu miaka miwili. Kipimo cha afya kwa kawaida hudumu miezi sita, na hufanywa kwa daktari aliyeidhinishwa na ubalozi tu, kwa hiyo kisifanywe mpaka tarehe ya intavyuu ijulikane. Wenye haraka hupima mapema ili "waondoe kiporo", kisha wakalipa mara ya pili.

Upande wako, fomu ya udhamini I-864 inataka kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kilichotangazwa na serikali kwa ukubwa wa familia yenu. Kikipungua, tafuta mdhamini mwenza. Kila mwaka mpya wa kodi ukifika kabla ya intavyuu, weka ritani mpya tayari. Na kabla hujaamua kurudi kukaa Tanga ili msubiri pamoja, jambo ambalo moyo wa mtu unaweza kulitamani kweli, kumbuka kwamba mdhamini anatakiwa awe na makazi yake Marekani. Likizo ndefu haina shida. Kuvunja nyumba, kuacha kazi na kuhama kabisa kunaweza kukwamisha udhamini wenyewe, na kama una green card, kunaweza kukutia matatani hata wewe.

Kusukuma faili

USCIS wana ukurasa wa muda wa kawaida wa kushughulikia kila aina ya fomu. Ukiweka tarehe ya risiti yako, utaambiwa lini unaruhusiwa kuulizia. Kabla ya siku hiyo maswali yako hayafiki popote, kwa hiyo usijichoshe. Baada ya siku hiyo, uliza kwa maandishi na utunze majibu yote.

Usipojibiwa cha maana, nenda kwa mbunge wako wa Congress. Watu wetu wengi hawajui kwamba ofisi za wabunge na maseneta zina wafanyakazi ambao kazi yao ni kufuatilia mafaili ya wakazi wa eneo lao kwenye idara za serikali. Huhitaji kumjua mtu wala kumpigia kura. Unajaza fomu ya kuruhusu waulizie habari zako, unaambatanisha risiti, basi. Hawaamui visa, ila idara huwajibu. Hatua ya mwisho ni kesi ya mandamus kwenye mahakama ya shirikisho, ya kuilazimisha ofisi itoe uamuzi, uwe wa ndiyo au wa hapana. Hiyo ni kazi ya wakili na gharama yake si ndogo, na uamuzi unaoletwa nayo unaweza kuwa usioupenda.

Msiende kwa vishoka. Anayesema ana mtu wake ubalozini hana mtu, ana njaa. Ada za USCIS na NVC zinalipwa kwenye tovuti za serikali zinazoishia na .gov.

Kuna na kuchelewa ambako hakuna karatasi itakayokutibu. Tangazo la rais wa Marekani la Desemba 2025 liliiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi zilizozuiwa kwa sehemu kuanzia 1 Januari 2026, na visa za uhamiaji zimo ndani ya zuio hilo. Faili linaweza kuendelea kusogea, hata intavyuu ikafanyika, na visa bado isitoke. Soma tangazo linalotumika siku unayosoma haya, kisha zungumza na wakili wa uhamiaji kuhusu hali yenu. Mwenzio mwambie ukweli huo kama ulivyo. Zuio la serikali halina aibu kwa mkwe yeyote. Linaelezeka barazani na watu wanaelewa.

Walioko Uingereza njia yao ni nyingine. Kule jiwe la njiani ni kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka, kiwango kilichoanza 11 Aprili 2024, pamoja na mtihani wa Kiingereza na cheti cha kipimo cha kifua kikuu kinachodumu miezi sita. Mbunge wa eneo lako huko pia husaidia kuulizia.

Maisha ya kati

Pangeni pesa kama watu wenye nyumba mbili, kwa sababu ndivyo mlivyo. Mtumie mwenzio fungu linalojulikana, tarehe inayojulikana, kwenye simu yake mwenyewe, lisipitie kwa kaka wala mama. Pesa ikipitia kwa mama, mkeo amekuwa mtoto wa nyumba ile, na fitina zinazofuata huwezi kuzisuluhisha kwa WhatsApp.

Simu nayo iwe na saa yake. Saa tatu usiku Tanga ni saa sita mchana Minneapolis wakati wa baridi, na saa saba mchana wakati wa kiangazi chao; saa ya chakula kazini. Msizungumze visa kila siku. Ulizeni bei ya samaki, nani ameposwa, mvua imenyesha au la. Mkiwekeana siku moja ya wiki ya kujadili faili, siku sita zilizobaki mnapata nafasi ya kuwa mume na mke. Risiti za kutuma pesa na baadhi ya mazungumzo hayo yatunzeni, maana ni ushahidi kwamba ndoa inaishi.

Usimwombee visa ya kutembea ili aje asubirie kwako. Faili la uhamiaji likiwa wazi, afisa ana sababu ya moja kwa moja ya kuamini kwamba hatarudi, na anakataa. Nauli hiyo heri uende wewe. Mtoto akizaliwa katika kipindi hiki na wewe ni raia uliyeishi Marekani kimwili miaka mitano, miwili kati yake baada ya kutimiza miaka 14, huenda ni raia tangu kuzaliwa, na hahitaji visa. Taarifa ya uzazi wake hupelekwa ubalozi wa Marekani Dar es Salaam.

Mwenzio asikae bure. Kiingereza, fundi au upishi pale VETA Tanga, vyeti vya NECTA vilivyo safi, usajili wa taaluma kama ni nesi au mwalimu: vyote vina kazi Marekani, na vyote vina kazi Tanga hata kama visa haitoki kamwe.

Siku visa ikitoka, kabla ya kukata tiketi angalieni tarehe ya ndoa. Akiingia Marekani kabla ndoa haijatimiza miaka miwili, anapata green card ya masharti ya miaka miwili, na baadaye mtajaza I-751, fomu ya kuondoa masharti hayo, na kulipa tena. Akiingia baada ya miaka miwili kutimia anapata ya miaka kumi, hata kama visa imeandikwa CR1, alama ya ndoa isiyotimiza miaka miwili. Ikiwa zimebaki wiki chache na visa bado ina muda, asubiri zipite, na pale uwanja wa ndege amwoneshe afisa cheti cha ndoa.