Raketi ya tenisi: anza na mkono wako, sio jina la bingwa

Mtu akiniuliza anunue raketi gani simtajii kampuni, namuuliza kwanza anacheza mara ngapi kwa wiki na kiwiko chake kikoje. Ile raketi ya bingwa unayoiona kwenye tivii mara nyingi wala siyo inayouzwa dukani kwa jina lake, yake imeongezewa uzito na kubadilishwa vitu kibao, wewe unauziwa rangi tu.

Ukiishika, angalia pale kwenye uwazi wa pembetatu juu ya mpini, pembeni kwa ndani kuna maandishi madogo. Mara nyingi utakuta ukubwa wa kichwa (sehemu yenye nyuzi), uzito, mpangilio wa nyuzi na kilo za kukaza. Hayo ndo ya kusoma.

Uzito kwanza. Kama ndo unaanza, gramu 260 mpaka 285 bila nyuzi inatosha kabisa, ukishaweza kupiga kwa mkono mzima sogea kwenye 300, na 310 kwenda juu waachie wenye nguvu wanaouwahi mpira mapema. Ila usikimbilie nyepesi sana, hili watu wengi hawaambiwi, raketi nyepesi halafu ngumu ikikutana na mpira uliopigwa kwa nguvu inayumba mkononi na mtetemo wote unaishia kwenye kiwiko. Chukua nzito kadiri unavyoweza kuizungusha mpaka seti ya mwisho bila kuanza kuchelewa mipira.

Kichwa, inchi za mraba 105 au zaidi inakusamehe hata ukigonga mpira pembeni, 100 ndo ya katikati inayowafaa wengi, 98 kushuka inataka ugonge katikati kila mara. Usione aibu kuchukua kubwa, hata bingwa Roger Federer aliyecheza na 90 miaka mingi alihamia 97 mwaka 2014.

Sasa mpini, na hapa tafadhali usiwe na haraka. Ushike kama unavyopiga fohendi (pigo la upande wa mkono unaoshika raketi), halafu chukua kidole cha shahada cha mkono mwingine ukipitishe kati ya ncha za vidole na kiganja. Kikiingia vizuri bila kubana wala kubaki nafasi, saizi ni yako. Kisipoingia mpini ni mwembamba, utakuwa unaukaba muda wote na mkono unachoka. Ukibaki njia panda kati ya saizi mbili chukua ndogo, kuuongeza unene kwa kuzungushia gripu ya juu (utepe wa kufunika mpini) ni rahisi, kuupunguza ni kazi.

Nyuzi: 16 kwa 19 (16 za kusimama, 19 za kulala) zinasaidia spini, yaani kuuzungusha mpira, 18 kwa 20 zinakupa utulivu wa kulenga. Nyuzi za poliesta ni ngumu kwa mkono, anayeanza namshauri nyuzi laini za sintetiki, zikazwe kilo 22 au 23 hivi, ukilegeza unapata nguvu na ukikaza unapata kulenga. Na zibadilishe hata kama hazijakatika, maana zinalegea na kupoteza uhai.

Kabla hujalipa omba ya kujaribu, na usiishie kurushiana mipira ya taratibu, piga sevu (mpira wa kuanzisha) nyingi, piga voli (mpira kabla haujadunda), cheza hata seti moja ya ushindani. Halafu subiri kesho yake asubuhi, kama kiwiko au bega linauma kuliko ulivyozoea irudishe, hata kama ilikupigia mipira mizuri.