Somo: Kuliandaa gari dogo la zamani kwa mmiliki mpya

Mpwa wangu amepata leseni, na babu yake ameamua kumpa gari lake. Ni gari dogo la milango mitatu, kabureta moja, halina kompyuta yoyote, na limelala chini ya turubai miaka 6. Kazi ya kulifufua nimepewa mimi. Mtoto atakayelipanda namjua tangu anatambaa, kwa hiyo nimeanza na vitu vinavyolisimamisha gari, vya kulipendezesha vitasubiri. Naandika nilivyofanya kwa mpangilio, nawe ufuate mpangilio huohuo.

Hatua ya 1: Usiliwashe

Najua mkono unawasha kugusa ufunguo. Uache. Injini iliyolala miaka, kuta za silinda zimekauka na pengine ringi za pistoni zimeshikwa na kutu. Toa plagi zote, dondoshea oili kidogo kwenye kila tundu, kijiko kimoja kinatosha, kisha iache mpaka kesho yake. Halafu weka spana kwenye boliti kubwa ya puli ya krenki, gia ikiwa nyutro, uizungushe injini kwa mkono, taratibu, mizunguko miwili kamili. Ikigoma usilazimishe; ongeza oili, subiri tena.

Ukiwa hapo, fungua kifuniko cha oili na uchomoe kijiti cha kupimia. Ukiona uji wa rangi ya maziwa kwenye kijiti, maji yameingia kwenye oili, na mara nyingi gasketi ya silinda hedi imekwisha. Utando kidogo chini ya kifuniko peke yake usikutie hofu: gari la safari fupifupi huweka unyevu pale.

Kisha belti ya taiming, ile inayoziendesha valvu ziende sambamba na pistoni. Watu huhesabu kilomita wakasahau kwamba mpira huzeeka hata gari likiwa limesimama. Kwenye injini nyingi, belti ikikatika valvu na pistoni hugongana, na injini inakuwa imekwisha. Belti ya miaka isiyojulikana ibadilishwe kabla ya kuwasha. Kama injini yako ni ya cheni, pita.

Hatua ya 2: Tafuta kutu pale palipofunikwa

Magari madogo mengi hayana chesisi ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito, kwa hiyo sakafu na vizingiti vya chini ya milango ni mifupa ya gari. Nyanyua kapeti zote. Gonga kwa mpini wa bisibisi: bati zima hutoa mlio, bati lililooza linasikika limezubaa kama kadibodi. Angalia hasa sehemu ya kuwekea jeki, pale shokapu zinaposhikiwa juu, na pale boliti za mikanda ya usalama zinapoingia.

Penye tundu pakatwe hadi kwenye bati zima, kisha pachomelewe bati jipya. Puti juu ya kutu ni kumdanganya mmiliki mpya, naye ndiye atakayekuwa ndani siku bati likiachia. Kabla ya kuchomelea ondoa betri, toa kapeti, na kama kazi iko karibu na tangi la petroli, lishushe kabisa.

Hatua ya 3: Breki, bila kubakiza

Hapa nilitumia siku tatu na sijutii hata saa moja.

Inua gari kwa jeki, kisha lilaze juu ya stendi za chuma. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. DOT 4 (daraja la mafuta ya breki) ikiwa mpya haichemki kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji, kiwango hicho cha chini kinashuka hadi 155. Kwenye mteremko mrefu breki zikipata moto, mafuta ya namna hiyo hutoa mvuke na pedali inazama hadi sakafuni. Ndiyo maana yanabadilishwa kila baada ya miaka 2 hivi, na haya ya babu yalikuwa meusi kama kahawa.

Mipira inayopitisha mafuta ya breki nimebadilisha yote minne. Kwa nje ilionekana mizuri, ila mpira mzee huvimba kwa ndani: mafuta yanapita ukikanyaga, yanakataa kurudi ukiachia, na gurudumu linabaki limebanwa. Silinda ndogo za breki za magurudumu ya nyuma nilifunua vifuniko vyake vya mpira nikakuta umajimaji. Hiyo ni kubadilisha, hakuna mjadala. Vumbi la ndani ya drami, ile ngoma ya breki inayozunguka na gurudumu, usilipulize. Lining za zamani, vile vipande vinavyoisugua drami, huenda zina asbesto. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, kitupe. Wala usioshe sehemu za mpira za breki kwa petroli au oili ya injini, mpira utavimba na kuharibika.

Hatua ya 4: Matairi

Kwenye ubavu wa tairi kuna herufi DOT, na mwishoni namba nne. 2317 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2017. Kashata, yaani mikato ya usoni mwa tairi, zinaweza kuwa nzima kabisa huku mpira umeshakuwa mgumu na wenye nyufa, nao haushiki barabara yenye maji. Nimetupa yote matano, pamoja na la akiba.

Hatua ya 5: Sasa liwashe

Mwaga petroli yote iliyolala, ile inayonuka kama vanishi. Safisha kabureta, weka chujio jipya na mipira mipya ya petroli. Oili mpya na chujio lake. Kwenye rejeta weka kipoozi na maji safi nusu kwa nusu. Betri iliyojaa, ikiwa imetulia, husoma volti 12.6 hivi. Plagi zikiwa bado nje, zungusha kwa stata mpaka taa ya oili izime. Hapo ndipo urudishe plagi na uwashe. Likiunguruma, pima betri tena: kati ya 13.8 na 14.5, alteneta ni nzima. Oili hiyo uimwage tena baada ya kilomita 500, maana itakuwa imeosha uchafu wa miaka yote.

Taa, wipa, honi na mikanda sihitaji kueleza.

Hatua ya 6: Kukabidhi

Usimpe ufunguo tu. Nilimkalisha mpwa wangu na daftari: kila nilichobadilisha, tarehe, na kilomita. Akapima oili mwenyewe, akabadilisha gurudumu mwenyewe, mara mbili.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Fundi, shikamoo. Nimebadilisha mafuta ya breki na kutoa upepo mara tatu, lakini pedali bado inaenda chini. Ukipampu mara mbili inapanda. Masta silinda imekufa?

Jibu: Marahaba. Usinunue masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali, kwanza. Kama nyuma ni drami, lining zako ziko mbali na ukuta wa drami. Kaza ajasta, ile ya kusogeza lining karibu na drami, mpaka gurudumu lianze kukwaruza, kisha ilegeze kidogo. Pedali ikikaa juu kwa kupampu, mara nyingi shida ni hiyo. Lakini ukiikanyaga na kuishikilia ikawa inazama polepole, na hakuna mvujo nje, hapo ndipo masta silinda inashukiwa.

Swali: Kaka, la kwangu ni Volkswagen Beetle. Rejeta sioni na chujio la oili silioni. Nimeibiwa?

Jibu: Hapana, ndugu. Injini ile hupozwa kwa hewa, na kwa asili haina chujio la kubadilisha, ina wavu tu chini ya injini. Inabeba oili lita 2.5 tu, na oili hiyohiyo ndiyo inayosaidia kuipoza. Ibadilishe kila kilomita 5,000 na usafishe wavu kila mara. Hakikisha pia bati zote zinazozunguka injini zipo. Bila hizo hewa inapotea na silinda zinaungua.

Swali: Kwa nini hujataja rangi? Mimi ningeanza nayo.

Jibu: Gari langu la kwanza nililipaka rangi mwanzo. Kisha nikagundua kizingiti kimeoza, nikachomelea, moto ukababua rangi yote ya ubavuni. Rangi ije baada ya mchomeleaji kumaliza.

Swali: Mimi ni mama, binti yangu ataendesha gari kama hilo. Halina eabegi (mfuko wa hewa) wala ABS (breki inayozuia magurudumu yasifunge). Nifanye nini?

Jibu: Mama, anza na mikanda. Ivute yote hadi mwisho, uangalie kama imechanika kingo au imekatika nyuzi. Ile ya kujirudisha ivute kwa ghafla, lazima ikamate. Isipokamata ibadilishwe kabla hajatoka. Halafu mtafutie eneo pana lisilo na watu, barabara ikiwa imelowa, afanye mazoezi ya kukanyaga breki kwa nguvu mpaka magurudumu yafunge. Yakifunga usukani haugeuzi gari. Aachie kidogo, magurudumu yazunguke, ageuze, akanyage tena. Arudie mpaka mguu wake uzoee kuachia wenyewe.