Umefuta mafaili au diski imegoma? Chomoa kwanza, ndo usome

Kama sasa hivi umeshika flashi au hadidiski iliyomeza mafaili yako na kompyuta inakwambia eti uifomati ndo uweze kuitumia, kataa, funga hilo dirisha, chomoa. Mafaili mengi hayapotei ile dakika yalipofutwa, yanapotea zile saa mbili tatu zinazofuata, mwenyewe akiwa anahangaika kuyarudisha. Mimi niliziua picha zangu za miaka minne hivyohivyo, nilizifuta kwa bahati mbaya, nikadaunilodi programu ya kurudisha, nikaiinstoli kwenye diski ileile, halafu nikaiagiza irudishe picha hukohuko zilikotoka. Nusu zilirudi na mstari wa kijivu katikati, sura ya mtu inaishia puani.

Kilichotokea ni hivi. Ukifuta faili kompyuta haiendi kusafisha chochote, inakata jina tu kwenye daftari la wapangaji wakati mpangaji mwenyewe bado kalala chumbani. Kwenye flashi ya FAT32, yaani ule mtindo wa kupanga mafaili unaotumika kwenye flashi nyingi, utacheka, inabadili herufi ya kwanza ya jina la faili kuwa alama ya E5, inatangaza nafasi iko wazi, data yenyewe haijaguswa. Itakaa pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na kitu kingine kinaweza kuwa chochote, hata kufungua brauza tu, maana nayo inaandika vifaili vyake kimyakimya. Ndo maana kama mafaili yalikuwa kwenye diski yenye Windows yenyewe, zima mashine kabisa, hiyo diski uje uisome kwa kompyuta nyingine.

Kwa SSD, zile diski za chipu zisizo na sahani inayozunguka, sina habari nzuri. SSD za sasa zina kitu kinaitwa TRIM, ukifuta faili mfumo unaiambia diski kwamba hizo nafasi hazina kazi tena, na diski inazisafisha kwa muda wake. Mara nyingi dakika chache baadaye ukisoma pale unakuta sifuri tupu, hakuna programu ya kulipia wala ya bure itakayokurudishia, kwa hiyo usitoe hela kabla hujajaribu ya bure ukaona kama kuna kitu. Flashi na memori kadi nyingi hazina huo mtindo, huko matumaini yapo.

Sasa swali la kujiuliza kabla hujagusa programu yoyote: diski ni nzima na mafaili ndo yamefutwa, au diski yenyewe inaumwa? Ni kesi mbili tofauti kabisa na watu wanazichanganya. Anza na waya. Badilisha waya wa USB, badilisha tundu, zile diski kubwa za inchi 3.5 zinataka umeme wake wa volti 12 kwa hiyo jaribu na adapta nyingine yenye volti hizohizo, usicheke, diski kibao zimetangazwa zimekufa kumbe waya. Halafu weka sikio karibu. Ukisikia tak, tak, tak kwa mpangilio, zima papo hapo, hicho ni kichwa cha kusomea kinatafuta njia kinakosa, na kila dakika unayoiacha inazunguka kinaweza kuwa kinakwangua sahani yenye data yako. Hiyo inaenda kwa mafundi wenye chumba kisicho na vumbi, na ni gharama, uamue mwenyewe kama data inastahili. Kuifungua mezani nyumbani usithubutu, kichwa kinaelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache tu, punje ya vumbi kwake ni jiwe la barabarani. Na ile habari ya kuiweka kwenye friza achana nayo, unyevu unaganda ndani halafu unaiwasha.

Kama haigongi ila inasuasua, inapotea inarudi, folda moja inachukua nusu saa kufunguka, isome afya yake kwa CrystalDiskInfo, programu ya Windows ya kupima diski. Angalia mstari wa 05, hizo ni sekta, yaani vipande vidogo vya diski vya kuhifadhia data, zilizokufa zikahamishiwa kwingine, na C5, hizo ni sekta zilizoshindikana kusomeka na bado hazijaamuliwa. Namba za hapo zikiwa juu ya sifuri na zinapanda, usiskani, usifungue folda moja moja kuokoa unachokipenda, na tafadhali usiendeshe chkdsk, ile amri ya Windows ya kukagua diski. Chkdsk kazi yake ni kunyoosha mfumo wa mafaili usimame tena, faili lako likionekana halieleweki inalikatakata vipande vya FILE0000.CHK bila huruma. Ni dawa nzuri kwa diski nzima yenye daftari lililovurugika, na iwe baada ya kushika nakala.

Diski mgonjwa unaikopi yote nzimanzima mara moja, kisha kazi ya uokoaji unaifanya kwenye nakala. Chombo ni ddrescue, unaiwasha kompyuta kwa Linux ya kwenye flashi, unaandika lsblk uone diski zako na ukubwa wake ili ujue mgonjwa ni yupi, tuseme ni sdb, na diski ya kupokelea iwe na nafasi kuzidi ukubwa wa mgonjwa na isiwe ya FAT32 maana hiyo faili moja haizidi GB 4. Hapa chini /mnt/mpya ni mahali ulipoifungulia hiyo diski ya kupokelea, na imeji.img ndo nakala nzima ya mgonjwa. Kisha:

sudo ddrescue -d -n /dev/sdb /mnt/mpya/imeji.img /mnt/mpya/ramani.map

Hiyo -n inaiambia ising'ang'anie sehemu mbovu, ichukue kwanza vinavyosomeka kirahisi. Ikiisha unarudia amri ileile, unatoa -n unaweka -r3, sasa inarudi kwenye zile mbovu inajaribu mara tatu. Lile faili la ramani ndo uhai wako, umeme ukikatika au diski ikizimika unaendelea ulipoishia, bila hilo unaanza upya na mgonjwa hana nguvu hizo. Na ukiona inakataa inakudai uongeze -f, simama, maana kwa kawaida inaidai ukitaka kuandika juu ya diski nzima, yaani pengine umegeuza majina na ulikuwa unakaribia kumfuta mgonjwa.

Ukishapata imeji hapo ndo raha, unaweza kukosea mara mia. Anza na TestDisk, ni ya bure, inatafuta patisheni (sehemu ya diski iliyogawanywa) iliyopotea na inaweza kurudisha mafaili yakiwa na majina na folda zake. Ikishindwa ndo uende kwa pacha wake PhotoRec, yeye hajali daftari kabisa, anapita sekta kwa sekta anatafuta alama za mwanzo wa faili, mfano picha ya JPEG huanza na FF D8 FF. Bei yake ni kwamba majina yote yanapotea, unaletewa mafolda ya recup_dir.1, recup_dir.2, ndani yake f0482176.jpg na ndugu zake elfu kadhaa. Panga kwa ukubwa, vidogo vidogo vya chini ni takataka na picha za ikoni, hizo futa. Video ndefu zilizokuwa zimetawanyika vipandevipande nyingi zitatoka hazichezi.

Kwa diski nzima iliyofutwa tu kwenye Windows hayo yote ya Linux huyahitaji, Recuva inatosha, au ile ya Microsoft wenyewe ya kuandika amri, mfano mafaili yalikuwa E unayapeleka F:

winfr E: F: /regular /n *.docx

Herufi ya kwanza na ya pili zisifanane, utakumbuka sura yangu iliyoishia puani.

Ukimaliza fungua mafaili yenyewe, usitosheke kuona majina na ukubwa. Na kama PhotoRec haijaleta dokumenti zako za Word, kabla hujakata tamaa angalia kwenye zile .zip, docx kwa ndani ni zip na kuna zinazotolewa kwa jina hilo, badilisha mwisho wake iwe .docx halafu ujaribu kuifungua.