Wasifu wa kwotabeki wa chuo: takwimu, masomo na kazi ya baadaye

Unapoandika kwa Kiswahili wasifu wa kwotabeki, yaani mchezeshaji wa timu katika futiboli ya Kimarekani, jua kwamba msomaji wa Nairobi aliyezoea raga pale Ngong Road atadhani huyo ni namba 10 aliyevishwa kofia. Mtoe hapo kwa sentensi moja: raga hairuhusu pasi ya mkono kwenda mbele, ilhali kazi kubwa ya kwotabeki ni kurusha mbele. Usiendelee kueleza kanuni. Aya tatu za kanuni na msomaji keshafungua habari za Gor.

Takwimu ndizo huvurugika kwanza. Alama ya urushaji ya vyuo vya Marekani huhesabiwa hivi: yadi za pasi mara 8.4, tachidauni za pasi (mpira kufikishwa eneo la mwisho la wapinzani) mara 330, pasi zilizodakwa na wenzake mara 100. Jumlisha, toa 200 kwa kila pasi iliyonyakuliwa na wapinzani, kisha gawa kwa idadi ya mirusho yote. Mathalani mirusho 30, iliyodakwa 20, yadi 250, tachidauni 2, iliyonyakuliwa 1: 2,100 + 660 + 2,000 − 200 = 4,560. Gawa kwa 30, unapata 152.0. Ligi ya kulipwa, NFL, ina fomula yake ambayo kilele chake ni 158.3, kwa hiyo 152.0 ya chuoni haiko karibu na ukamilifu. Usizilinganishe.

Ukikuta kwotabeki ana yadi −40 za kukimbia, si kosa la uchapaji. Chuoni, akiangushwa kabla ya kurusha, hasara hiyo hukatwa kwenye yadi zake za mbio. Tena, takwimu rasmi za vyuo hazikujumuisha mechi za boli za mwisho wa msimu hadi 2002, hivyo mchezaji wa zamani huonekana hafifu kuliko alivyokuwa.

Tarehe nazo. Mechi ya saa moja jioni Jumamosi, New York, mwezi wa Oktoba, huku kwetu ni saa nane usiku, Jumapili imeshaingia. Andika tarehe ya uwanjani. Halafu tenga mwaka wa msimu na mwaka wa mechi. Pat Haden, kwotabeki wa Chuo Kikuu cha Southern California (USC), alishinda mechi ya boli iitwayo Rose Bowl 18–17 dhidi ya Ohio State tarehe 1 Januari 1975, lakini huo ni msimu wa 1974. Pasi yake ya yadi 38, karibu mita 35, ilimfikia J.K. McKay kwa tachidauni, kisha akamrushia Shelton Diggs pasi ya pointi mbili za nyongeza baada ya tachidauni, na ushindi ukapatikana kwa pointi moja. Hata neno “bingwa” linahitaji maelezo hapo: kura ya makocha iliipa USC, ya waandishi wa shirika la habari la AP ikaipa Oklahoma. Taja kura ya nani.

Kwenye masomo, weka shahada, chuo na mwaka, basi. Wastani wa alama za darasani wa 3.6 uandike “3.6 kati ya 4.0”, usiugeuze kuwa A ya KCSE. Tuzo ya Academic All-American huzingatia pia alama za darasani, kwa hiyo si ile ya All-American, ya wachezaji bora uwanjani. Ufadhili wa Rhodes, wa kusoma Oxford, hauhitaji maelezo marefu, maana hata Wakenya huteuliwa.

Kazi ya baadaye ipange kwa miaka, nawe uangalie inayopishana. Haden alicheza ligi ya kulipwa ya WFL mwaka 1975 huku akisoma Oxford kwa ufadhili huo wa Rhodes, akawa na timu ya Rams ya NFL kuanzia 1976 hadi 1981, akapata shahada ya sheria, akatangaza mechi kwenye televisheni, kisha akawa mkurugenzi wa michezo wa USC kati ya 2010 na 2016. Cheo hicho cha mwisho hutafsiriwa vibaya mno. Ukiandika “mwalimu wa michezo”, msomaji ataona mtu mwenye filimbi shingoni, kumbe huyo ndiye anayeajiri na kufuta makocha.