Somo: Kutoa data za wagonjwa bila kumtoa mgonjwa mwenyewe

Mwanafunzi wa chuo amekuja na barua, mfadhili anadai orodha, na kaunti wanataka takwimu kabla ya saa nane. Karani anafungua Excel, anafuta kolamu ya majina, anatuma, anaenda kunywa chai. Somo hili ni la huyo karani.

Kwanza tukubaliane tunamfichia nani. Wengi wakisikia ulinzi wa data huwaza mdukuzi aliyekaa ng'ambo. Mimi humuwaza jirani: shemeji, mwenye nyumba, mwajiri, mtu wa barazani anayejua nani kalazwa lini na nani aliyempeleka. Huyo hahitaji jina. Mpe umri, mtaa na tarehe, jina atalitia mwenyewe. Kwa hiyo kila kolamu ipime kwa macho yake.

Hatua ya 1: Uliza data zinaenda kufanya kazi gani

Maombi mengi yanataka hesabu, hayataki watu. Anayetafuta ni akina mama wangapi walitimiza mahudhurio manne ya kliniki kabla ya kujifungua, mhesabie umpe jedwali. Orodha ya akina mama haimhusu. Mtafiti aonyeshe kibali cha kamati ya maadili, leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya Kenya inayosimamia utafiti) na ruhusa ya hospitali kabla hujagusa kompyuta.

Wala usitishwe na ukubwa wa cheo. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza zikusanywe data za watoto wa shule wanaoishi na VVU. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba agizo lile lilivunja haki ya faragha iliyo katika kifungu cha 31 cha Katiba, ikaamuru data zilizokwisha kukusanywa ziwekwe kwa namna ambayo jina halitaungana na hali ya mtu. Kama Rais aliambiwa hivyo, msimamizi wa mradi naye anaweza kuambiwa.

Hatua ya 2: Toa vinavyomtaja mtu moja kwa moja

Fanya nakala, faili asili usiiguse. Katika nakala ondoa jina, namba ya kitambulisho, simu, namba ya bima, jina la mtu wa karibu na namba ya faili. Namba ya mgonjwa wa kliniki ya VVU iondoe pia, maana tarakimu zake tano za mwanzo ni za kituo anachotibiwa.

Mpe kila mgonjwa namba mpya iliyochaguliwa kwa bahati nasibu. Usipange majina kialfabeti ndipo uhesabu moja hadi mia tatu. Abdalla wa mwanzo na Zuhura wa mwisho watajulikana bila jasho. Orodha inayounganisha namba mpya na majina ibaki hospitalini chini ya kufuli, mbali na data.

Kolamu ya maelezo ndiyo hatari kuliko zote, na ndiyo husahaulika. Humo utakuta "mke wa mwalimu mkuu, aletwa na shemejiye". Futa yote. Ikiwa lazima ibaki, isome mstari kwa mstari.

Hatua ya 3: Vinavyomtaja mtu vikikaa pamoja

Hapa tukae kidogo. Katika miaka ya 1990 jimbo la Massachusetts, Marekani, lilitoa data za bima ya afya ya wafanyakazi wake bila majina. Latanya Sweeney, wakati huo mwanafunzi, alizilinganisha na daftari la wapiga kura, akaipata rekodi ya gavana William Weld. Alichotumia ni tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta. Baadaye akakadiria kwamba vitu hivyo vitatu vinatosha kumtofautisha asilimia 87 ya Wamarekani.

Sisi hatuna haja ya daftari la wapiga kura. Chukua mstari huu wa kubuni: mwanamke, miaka 34, Mtongwe, alijifungua mapacha watatu, Juni. Kuna mtu wa Mtongwe asiyemjua? Na pembeni kuna kolamu ya majibu ya vipimo.

Basi punguza ukali wa kila kitu. Tarehe ya kuzaliwa iwe umri, umri uwe kundi la miaka mitano au kumi. Mtaa uwe kaunti ndogo; Mombasa tuna sita, na Kisauni peke yake ina watu wa kutosha kumfunika mtu, lakini "nyuma ya msikiti, nyumba ya rangi ya kijani" haimfuniki yeyote. Tarehe za matibabu zisogeze: kila mgonjwa mpe idadi yake ya siku za kubahatisha, kisha sogeza tarehe zake zote kwa idadi hiyohiyo. Mtafiti ataona bado kwamba alirudi baada ya wiki mbili, ila hatajua ilikuwa Idi ya mwaka gani. Kazi ya mtu nayo iangalie. Mchuuzi wako wengi. Rubani wa kuingiza meli bandarini ni wa kuhesabika.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imeiweka hali ya afya katika data nyeti, pamoja na asili ya kikabila, imani, hali ya ndoa na majina ya watoto na wazazi. Kama kabila au dini havijibu swali la mtafiti, visitoke kabisa.

Sasa jipime. Tengeneza jedwali la pivoti, lile la Excel linalokuhesabia makundi, la umri, jinsia na kaunti ndogo, uhesabu watu katika kila mchanganyiko. Penye watu chini ya watano, unganisha makundi. Hata wakifika watano, tazama tena: ikiwa wanawake wote watano wa Jomvu wa miaka 40 hadi 49 wana ugonjwa uleule, anayemjua mmoja kati yao ameshajua. Hapo panua kundi au ficha ugonjwa.

Hatua ya 4: Jedwali nalo husema

Umeandika wagonjwa wa kifua kikuu kwa kaunti ndogo. Jomvu wako 2, ukaweka nyota mahali pake. Vizuri, lakini jumla umeiacha 180 na kaunti ndogo tano nyingine zinafika 178. Mtoto wa darasa la tatu atatoa 178 katika 180, abaki na 2. Ukificha kisanduku kimoja, ficha na cha pili, au ondoa jumla.

Hatua ya 5: Faili yenyewe

Kolamu iliyofichwa katika Excel haijafutwa, na jedwali la pivoti hubeba data asili tumboni hata ukiwa umeufuta ukurasa wake. Hifadhi kama CSV, yaani faili la maandishi matupu, ifungue upya, uone kilichobaki. Picha za eksirei na skani mara nyingi huwa na jina pembeni na jingine ndani ya faili, pasipoonekana.

Hatua ya 6: Kutuma

Funga faili kwa nenosiri refu, na nenosiri lenyewe litaje kwa simu, lisipite njia moja na faili. Mpokeaji atie saini kwamba hatampa mwingine, hatajaribu kumtambua mtu, na atafuta kufikia tarehe fulani. Andika kitabuni nani kapewa nini.

MASWALI YA WANACHAMA

Karani wa rekodi, Changamwe: Mwalimu, tunayo programu inayogeuza namba ya simu kuwa mchanganyiko wa herufi na tarakimu usioweza kurudishwa. Si yatosha?

Jibu: Haitoshi, kaka. Haurudishwi, lakini hubahatishwa. Simu zetu za mkononi zina tarakimu kumi zinazoanza na 07 au 01, yaani hazizidi milioni 200. Kompyuta ya kawaida itazigeuza zote kwa muda mfupi kisha ilinganishe na orodha yako. Kitambulisho vivyo hivyo. Tumia namba za bahati nasibu.

Muuguzi, Likoni: Tuna kundi la WhatsApp la kuulizana ushauri wa kitabibu. Picha za vidonda bila uso zina tatizo?

Jibu: Kumuuliza anayesaidia kutibu ni sawa, dada, ila aulizwe yeye, si kundi la watu sitini. Na uso si kitu pekee kinachotambulika. Mkono wenye hina, aliyeichora ataijua. Pete nayo, na leso aliyojifunga. Kata picha ibaki kidonda. Rejista usiipige picha hata kidogo: wewe unamtaka mgonjwa mmoja, ukurasa una ishirini.

Mhudumu wa afya wa jamii, Kisauni: Mzee wa mtaa huniuliza, "Fulani anaumwa nini, tumsaidie?" Kumnyima jibu ni kama kumvunjia heshima. Na methali yasema mficha maradhi kilio humfichua.

Jibu: Methali ile ni ya mgonjwa na tabibu wake, mamangu, wewe hukupewa. Sheria ya mwaka 2006 ya kudhibiti VVU na UKIMWI inakataza kutoa matokeo ya mtu bila idhini yake ila kwa hali chache zilizotajwa, na heshima ya mzee haimo. Mwambie kwa adabu: "Mzee wangu, habari za mtu yeyote siruhusiwi kuzungumza." Muhimu ni jibu liwe lilelile kwa kila mtu. Ukisema "huyo hana kitu" kwa wasio nacho, na "siwezi kusema" kwa walio nacho, umekwisha kusema.

Afisa wa data, Nyali: Faili lenye majina limekwenda kwa barua pepe ya mtu asiyehusika. Nifanye nini?

Jibu: Andika saa uliyogundua, maana kuanzia hapo taasisi ina saa 72 za kumwarifu Kamishna wa Data ikiwa kuna hatari ya kweli kwa wahusika. Kama mnachakata data kwa niaba ya taasisi nyingine, nyinyi mna saa 48 kuiarifu hiyo. Mwambie mkubwa wako leo. Mwombe aliyepokea afute na athibitishe kwa maandishi. Kuufuta ujumbe upande wako hakufuti nakala aliyokwisha kuipakua.

Mtafiti, Mvita: Wagonjwa wangu wa ugonjwa adimu ni 12 tu katika kaunti nzima. Nikiunganisha makundi, sina utafiti tena.

Jibu: Basi usipewe faili. Njoo na kibali chako ukae kwenye kompyuta ya hospitali, msimamizi wa rekodi awe pembeni, ufanye hesabu humo humo. Unachotoka nacho ni matokeo tu, naye ayasome kabla hujaondoka. Ukihitaji kueleza kisa cha mgonjwa mmoja mmoja, mwombe kila mmoja idhini ya maandishi, na umsomee utakachochapisha kwa Kiswahili anachokielewa kabla hajatia saini.