Kipimo cha moshi Texas: cheki mwenyewe kama gari liko tayari kabla hujaenda stesheni

Wabongo, Wakenya na Wakongo wengi tulioko Texas tulisikia inspeksheni imefutwa tangu Januari 2025, na wengine wakajua ndo yameisha. Hayajaisha jamani. Kilichofutwa ni ile ya breki, taa na waipa kwa magari binafsi, kipimo cha moshi kipo palepale kwenye baadhi ya kaunti zikiwemo Harris, Dallas, Tarrant, Collin na Denton, kwa magari ya petroli yenye umri wa miaka 2 mpaka 24, na bila kupita hapo rejistresheni huipati. Mimi ni fundi, na kinachoniuma ni kuona mtu anarudishwa na gari zima kabisa kwa sababu tu jana yake alifuta kodi (zile namba za hitilafu zinazokaa kwenye kompyuta ya gari) au alichomoa betri.

Elewa kwanza wanapima nini. Wanachomeka mashine yao kwenye soketi ya OBD, ile iliyo chini ya dashibodi upande wa dereva, alafu wanaiuliza kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari: taa ya cheki injini imewashwa? Na je umemaliza kujipima? Huko kujipima ndiko kunaitwa monita. Kuna monita ya masega (katalisti, inayosafisha moshi kwenye ekzosi), ya oksijeni sensa, ya hita yake, ya EGR (inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini), na ya EVAP inayochunguza kama mvuke wa mafuta unavuja. Ukifuta kodi au betri ikitolewa, hizi zote zinarudi sifuri na gari linaanza upya. Gari la 2001 na kuendelea linaruhusiwa monita moja tu ambayo haijakamilika.

Hatua ya 1. Weka swichi on bila kuwasha injini. Taa ya cheki injini lazima iwake, alafu ukiwasha injini izime. Isipowaka kabisa hilo peke yake linakuangusha, maana wanajua kuna watu wanaichomoa.

Hatua ya 2. Nunua kiskana cha ELM327, bei yake ndogo tu, uunganishe na simu kwa apu kama Torque au Car Scanner. Wa iPhone angalieni kabla ya kulipa, vile vya Bluetooth ya zamani havishiki, tafuteni cha WiFi au kilichoandikwa kinakubali iPhone. Fungua ukurasa wa I/M Readiness, unaoonyesha monita zipi zimekamilika, usome moja moja. Zile ambazo gari lako halina hazihesabiwi. Soma na kodi pia, zikiwemo zile zinazosubiri ambazo bado hazijawasha taa, na ukikuta P0420 ya masega au P0455 ya uvujaji wa EVAP, tengeneza gari kwanza. Kufuta hapo ni kupoteza muda, itarudi tu.

Hatua ya 3, na hapa ndo wengi wanakwama, ni EVAP. Fungua kofia ya tenki, pitisha kidole kwenye ule mpira wake wa mviringo, ukisikia umepasuka au umekakamaa badilisha kofia. Mafuta yawe kati ya robo na robo tatu, maana tenki likijaa au likikaribia kuisha magari mengi hayaanzi kabisa hicho kipimo, kwahiyo usijaze full tank asubuhi ya kuanza zoezi. Alafu gari lilale usiku mzima, masaa kama 8, bila kuguswa, lipoe kabisa. Kama nje ni baridi kali au joto la Agosti la Houston, nalo linaweza kuizuia, vumilia.

Hatua ya 4. Asubuhi washa likiwa la baridi, liache liungurume palepale (sailensa) dakika mbili tatu, alafu ingia haiwei uende maili 55 mpaka 60 kwa saa bila kupanda na kushuka, dakika kumi hivi, kruzi kontroli inasaidia sana. Ukitoka kwenye eksiti na nyuma yako hakuna mtu, toa mguu kwenye mafuta liache lipunguze lenyewe, usikanyage breki mapema. Malizia na mizunguko ya mjini ya simama-nenda. Kila kampuni ina utaratibu wake kidogo, tafuta wa modeli yako, ila huu unafaa kwa mengi. Rudia siku zinazofuata, EVAP huwa ya mwisho kukamilika.

Hatua ya 5. Chomeka kiskana tena. Hata kama sheria inakuruhusu monita moja, mi nakushauri isibaki ya masega. Ukiona zimekamilika na hakuna kodi, nenda stesheni siku hiyohiyo injini ikiwa imeshapata joto, na kama betri imechoka usiiguse mpaka umalize kupima.