Jinsi ya kuchambua jina la Kiebrania cha kale, hatua kwa hatua

Jina la Kiebrania cha kale mara nyingi ni sentensi nzima. Mzazi alikuwa na jambo la kusema: anashukuru, anaomba, au analia. Ndiyo maana zile orodha za "maana ya jina lako" zinazosambazwa WhatsApp huniudhi. Zinakupa neno moja, "zawadi" au "nguvu", na sentensi ya mzazi inapotea. Mimi hufundisha vikundi vya kusoma Biblia, na njia ninayowapa ni hii. Uwe na Biblia ya Kiswahili, pamoja na maandiko ya Kiebrania yenye kamusi, ambayo siku hizi hupatikana bure mtandaoni.

Hatua ya 1: Anza na herufi za Kiebrania

Chukua nabii Amosi, na Amozi baba yake Isaya. Masikioni mwetu ni karibu jina moja. Hata waliotafsiri Agano la Kale kwa Kigiriki waliyaandika sawasawa, na baadhi ya wasomaji wao wakadhani Isaya alikuwa mwana wa yule nabii. Sasa tazama Kiebrania. Jina la nabii ni ayin, mem, vav, samekh, na shina lake, yaani konsonanti zinazobeba maana ya neno, ni la kubeba mzigo. La baba yake Isaya ni alef, mem, vav, tsade, na shina lake ni la uimara. Herufi ya kwanza si moja, ya mwisho si moja. Ukiiruka hatua hii, zote zinazofuata zitakupoteza.

Hatua ya 2: Tafuta jina la Mungu

El, yaani "Mungu", hukaa mwanzoni au mwishoni: Elnathani, Danieli. Yahwe, jina la Mungu wa Israeli, hufupishwa. Mwanzoni huwa Yeho- au Yo-, kama Yehoshafati na Yoeli. Mwishoni huwa -yahu au -ya, nasi tumeandika Isaya, Zekaria, Obadia. Usidanganyike na kila -ia, kwani Lidia wa Matendo ya Mitume si Mwebrania kwa jina.

Majina mengine hayamtaji Mungu kabisa. Debora ni nyuki, Tamari ni mtende, Yona ni njiwa, Shafani ni pimbi. Hayo yasilazimishwe kubeba zaidi.

Hatua ya 3: Shika kitenzi

Ukishaondoa jina la Mungu, angalia kilichobaki. Shina n-t-n ni "kutoa, kupa". Yonathani: Yahwe ametoa. Nethania ni sentensi ileile iliyopinduliwa. Elnathani na Nathanaeli: El ametoa. Nathani: ametoa, na mtoaji hakutajwa, kila mtu anamjua.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati kubwa. Kiebrania na Kiarabu ni ndugu, na maneno ya Kiarabu tunayo vinywani kila siku. Baruku ana b-r-k ya baraka. Zekaria, "Yahwe amekumbuka", ni ndugu wa dhikiri. Obadia, mtumishi wa Yahwe, ana shina la ibada na la Abdalla. Hata hivyo hakikisha kwenye kamusi, maana mashina yanayofanana huweza kuachana kimaana.

Hatua ya 4: Tenga hadithi na sarufi

Katika Kutoka 2:10, binti Farao anampa Musa jina kwa sababu alimtoa majini, na kitenzi kilichotumika ni cha Kiebrania, masha. Wataalamu wengi huliona jina lenyewe kuwa la Kimisri, lenye neno la kuzaliwa lililomo pia ndani ya Tuthmosis na Ramesses. Yakobo naye amefungwa na kisigino katika Mwanzo 25:26, ilhali miongoni mwa Waamori yapo majina ya kale yanayolingana nalo, yenye maana ya "El na alinde".

Sikushauri umfukuze mmoja ili umkaribishe mwingine. Hadithi inakuonyesha Waisraeli walisikia nini katika jina, sarufi inakuonyesha jina lilikotoka. Yaandike yote mawili, kila moja na mahali pake.

Hatua ya 5: Uliza lilitumika wapi na lini

Vigae vyenye maandishi vilivyochimbuliwa Samaria mwaka 1910, vya karne ya 8 KK, vina majina yanayoishia -yw, ufupisho wa Yahwe wa kaskazini. Kusini, Yuda, mwisho ni -yhw, kama katika barua za Lakishi zilizopatikana kuanzia 1935. Herufi moja inaweza kukuonyesha kwao mtu. Mwaka 1982, katika Mji wa Daudi huko Yerusalemu, wachimbaji walipata kipande cha udongo chenye alama ya muhuri: Gemaryahu mwana wa Shafani. Fungua Yeremia 36:10 uone jina hilohilo.

Wakati nao hubadilisha majina. Sauli alikuwa na mwana aitwaye Yonathani, na mwingine ambaye 1 Nyakati 8:33 inamwita Eshbaali. Kwenye 2 Samweli huyohuyo ni Ishboshethi: Baali ametolewa, na mahali pake pamewekwa boshethi, yaani aibu. Wasomaji wengi hukata shauri mara moja kwamba Sauli aliabudu sanamu. Kabla hujafika huko, nenda 1 Nyakati 12:5, kwenye orodha ya watu wa Daudi, umchambue Bealia kwa hatua hizihizi. Mwishoni utamkuta Yahwe. Mwanzoni utamkuta baali, neno ambalo kwa Kiebrania ni "bwana, mwenye mali". Sentensi yake ni "Yahwe ni bwana".